R na L darasani: kosa linaelekea upande gani?

Katika darasa la awali Iringo, Musoma, mtoto mmoja anaweza kusema "lafiki" na mwenzake "kurara". Wote wakiambiwa tu "sema tena", tumeyachanganya makosa mawili yenye asili tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 unatusaidia kuyatenganisha.

Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse walichunguza watoto 24 wa Dar es Salaam, wa miaka 3 hadi miaka 5 na miezi 11, ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Waliwapanga makundi 6 ya watoto 4, kila kundi likichukua kipindi cha miezi 6 ya umri. Mtoto alionyeshwa picha za vitu vya mazingira yake, akavitaja. Matamshi yakarekodiwa na kuandikwa kwa alama za kifonetiki. Picha ina faida kubwa: neno linatoka kwa mtoto mwenyewe, naye haigi kinywa cha mtu mzima.

Irabu zote na konsonanti nyingi zilikuwa tayari kufikia miaka 3. Z, s na h zilifuata kwenye miaka 4. Th na r zilikuja mwisho, karibu na miaka 6. Kosa mojawapo lililojirudia ni kutamka l mahali pa sauti nyingine.

Kwa hiyo "lafiki" ya mtoto wa miaka 4 ni hatua ya ukuaji. "Kurara" inakwenda kinyume: mtoto ameiweza sauti ngumu, ameiacha nyepesi. Mkoani Mara sababu haiko mbali, kwani Kikurya kina r lakini hakina l. Huenda anatamka Kiswahili cha nyumbani kwao, na ulimi wake ni mzima.

Linabaki swali la sikio: je, mtoto anazitofautisha r na l anapozisikia? Chora kalamu na karamu. Watoto wakishazizoea picha, taja neno moja, mtoto aonyeshe. Rudia kwa kuchanganya, maana anaweza kubahatisha. Akipatia kila mara, anazisikia sauti zote mbili. Akishindwa, aanze kufundishwa kusikiliza, la sivyo atakwama kwenye imla.

Lakini watoto 4 kwa kundi ni wachache, na Dar es Salaam si Musoma. Mtoto aliyelelewa kwa Kijita, Kikwaya au Kikurya anastahili kipimo chake, kwa utaratibu uleule wa picha, makundi yakitengwa pia kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu aanze kwa kuandika neno kama lilivyotamkwa, umri kwa miezi na lugha ya nyumbani. Kumbukumbu hiyo itamfaa mtoto kuliko kuandikiwa "hajui kutamka".