Sauti, Herufi na Hukumu: Uhakiki wa Mchezo wa Speak & Spell

Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa chombo cha kuchezea watoto kiitwacho Speak & Spell. Chombo kilitamka neno la Kiingereza, naye mtoto akalitahajia kwa kubonyeza herufi moja moja. Alipokosea mara ya kwanza aliambiwa ajaribu tena. Alipokosea mara ya pili alitajiwa herufi zilizo sahihi. Baada ya maneno kumi alipewa alama zake.

Ufundi wake haukuwa haba. Sauti haikutoka katika utepe, bali ilikuwa sauti ya binadamu iliyogeuzwa kuwa tarakimu, ikahifadhiwa na kuundwa upya ndani ya mtambo. Isitoshe, mwalimu huyu hakumcheka mtoto mbele ya wenzake.

Walakini mchezo wa lugha haupimwi kwa ufundi wa mtambo peke yake. Hupimwa pia kwa swali unalouliza. Katika Kiingereza herufi zile zile nne, ough, zina sauti moja katika though, nyingine katika through na nyingine tena katika enough. Kusikia neno hakumtoshi mwanafunzi; hana budi kulikumbuka umbo lake. Mchezo huu uliishi katika ufa huo uliopo baina ya sauti na herufi.

Je, chombo cha namna hiyo kikitiwa maneno ya Kiswahili kitapima nini? Mtoto aliyekwisha kuzijua herufi akisikia "kitabu" ataandika kitabu, na mchezo utakuwa umekwisha. Hata hivyo si kweli kwamba maandishi ya Kiswahili hayana ufa. Ufa upo, ila umeelekea upande wa pili. Paa wa nyumba hutamkwa bila mpumuo, na paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, hasa katika vinywa vya watu wa pwani. Maandishi ni yale yale. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Barabara ipitayo magari na jambo lililo barabara hutofautishwa na mkazo tu. Mtoto atakayeandika p-a-a atapongezwa, na ile tofauti aliyoisikia haitaulizwa kamwe.

Kwa hiyo kubadili maneno hakutoshi. Yapasa mchezo wenyewe ugeuzwe. Mwanafunzi aonyeshwe sentensi iliyoandikwa, kisha achague sauti inayoifaa. Hali kadhalika asikilizishwe sentensi nzima aiandike, kwani makosa mengi ya wanafunzi hayamo katika herufi bali katika kuyatenga maneno: "kwasababu" badala ya kwa sababu, "nili po mwona" badala ya nilipomwona. Neno moja lililotamkwa peke yake haliwezi kuyafichua makosa hayo.

Kuna mahali ambapo imla ya neno moja ingefaa, nako ni kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r, au asiyetenga thamani na samani. Lakini hapo sauti ya mtambo yenyewe lazima ihakikiwe. Chombo cha 1978 hakikubeba mawimbi yazidiyo mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde, na sehemu kubwa ya kinachotenga s na th imo juu ya kiwango hicho. Mtoto angeweza kuadhibiwa kwa upungufu wa mtambo.

Mitambo ya leo hutamka vizuri zaidi, lakini swali lingalipo: sauti ni ya nani? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia usanifishaji huo. Hilo lilihusu maandishi zaidi kuliko matamshi. Mtambo utakaotoa sauti moja tu kuwa ndiyo sahihi utapitisha hukumu ambayo tahajia haikupata kuipitisha, na mtoto wa Mvita atafunzwa kwamba tofauti anayoisikia kinywani mwa nyanya yake haipo.