Shimo chini ya marimba

Ukitaka kujua kama mwandaaji wa tamasha anaifahamu embaire, muulize ametenga wapi pa kuchimba shimo. Embaire ni marimba kubwa ya Wasoga, watu wa Jinja, Iganga na Kamuli nchini Uganda. Ina vibao kati ya 15 na 25, na hupigwa na watu hadi wanane kwa pamoja, waliokaa pande mbili wakitazamana. Haina sanduku wala vibuyu vya kukuza sauti. Kazi hiyo inafanywa na ardhi.

Tuanze na mbao. Mti unaopendwa ni musambya, ambao wataalamu wa mimea huuita Markhamia lutea, na haufai kitu mpaka ukauke vizuri. Fundi anachonga kibao, anakigonga, anasikiliza, kisha anakipunguza upande wa chini. Akinyoa katikati, sauti inashuka. Akinyoa ncha, inapanda. Kosa la katikati linaweza kurekebishwa kwenye ncha, lakini kila rekebisho linakula mbao, na mbao iliyoliwa hairudi. Skeli ya Kisoga ina sauti tano katika oktavu, na nafasi kati ya sauti moja na inayofuata zinakaribiana sana, yaani kama senti 240 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti). Piano haina nafasi hiyo: ina senti 200 au 300. Kwa hiyo mpiga kinanda anayealikwa jukwaani "kuchanganya ladha" na embaire atasikika amepotea, na atakuwa amepotea kweli.

Vibao hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Mgeni anaweza kudhani ni umaskini wa vifaa, kumbe ni hesabu. Kibao kikipigwa kinapinda: katikati yake na ncha zake zinatikisika, lakini kuna sehemu mbili, kila moja kama asilimia 22 ya urefu kutoka kwenye ncha, ambazo hutulia. Gogo likikaa hapo, sauti inadumu. Likisogea, kibao kinatoa mlio mfu kama wa meza. Mgomba ni laini na una maji, kwa hiyo haukibani kibao, na vijiti vinavyotenganisha vibao vinachomekwa ndani yake bila hata nyundo. Ubaya wake ni kwamba hauna maisha marefu. Unakauka, unanywea, vibao vinalegea, na inabidi ukatwe mwingine. Vibao vinaweza kusafiri kwenda popote. Magogo lazima yapatikane pale pale.

Halafu ndipo linakuja shimo. Linachimbwa chini ya vibao, kati ya magogo, na hewa iliyomo inaitikia mlio, hasa ule wa vibao virefu vyenye sauti nzito. Kwa masikio yangu hiki ndicho kiungo kinachoipa embaire kifua. Jukwaa la mbao au la saruji linakikata kabisa. Hapo kipaza sauti huwekwa badala ya shimo, na mara nyingi huning'inizwa juu ya mikono ya wapigaji, kikachukua mgongano wa fimbo na kuacha uzito wa sauti. Ningekuwa fundi mitambo ningeomba vyote viwili: kimoja juu na kimoja ndani ya shimo. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015, linajulikana zaidi kwa spika kubwa na muziki wa kielektroniki, lakini lebo yake ndiyo iliyotoa mwaka 2023 albamu ya kundi la embaire la kijiji cha Nakibembe. Kwa hiyo kusema kwamba watu wa muziki wa kisasa hawaijali ala hii si kweli. Swali ni namna inavyoonyeshwa.

Upigaji wenyewe unahitaji kufumuliwa mbele ya watazamaji. Mmoja anapiga mfululizo wake kwa nafasi sawa. Mwenzake anaingiza wake katikati ya mapigo yale, na kila mmoja huhesabu kana kwamba pigo lake ndilo zito. Mapigo yakiungana, kasi inazidi uwezo wa mikono ya mtu mmoja. Gerhard Kubik, aliyejifunza marimba ya Buganda kwa Evaristo Muyinda, aliandika mwaka 1960 jinsi sikio linavyokusanya sauti za juu peke yake na za chini peke yake, likatunga nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Watazamaji wakipewa kasi kamili tangu mwanzo, wanasikia mvua ya sauti tu. Mpe mpigaji wa kwanza dakika moja peke yake, kisha wa pili aingie polepole, na hata mtoto ataona mahali wimbo unapozaliwa.

Muyinda huyo huyo aliajiriwa na Jumba la Makumbusho la Uganda kuonyesha ala kwa kuzipiga, enzi za msimamizi Klaus Wachsmann. Wazo lilikuwa sahihi: ala iliyo nyuma ya kioo haijielezi. Lakini kupiga ni nusu ya habari.

Nusu nyingine inaonekana kwenye bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wasoga. Kila tarumbeta ina sauti moja tu, na zinahitajika tano au zaidi ili wimbo ukamilike. Zilikuwa za sherehe na misiba ya kifalme. Falme zilipofutwa mwaka 1967, bigwala ikakosa mwenyeji, na UNESCO ilipoiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mabingwa wazee walikuwa wamebaki wanne. Kuihuisha kulianzia shambani, kwa kupanda vibuyu, kwa sababu huwezi kumfundisha kijana kupuliza kitu ambacho hakimei tena.

Mji wa Mbale ni habari nyingine, kwani si kila kitu kinafaa jukwaani. Kila mwaka wa namba shufwa, mwezi Agosti, imbalu, yaani tohara ya vijana wa Wagisu, huzinduliwa Mutoto, na ngoma za kadodi huvuta umati pamoja na kamera. Kijana anapakwa unga wa wimbi, pombe ya wimbi inapikwa nyumbani, mbuzi anachinjwa, na kisu kinashikwa na mkhebi, yaani ngariba. Hakuna kinachoigizwa: damu ni damu, na kijana anatakiwa asitikisike mbele ya ukoo wake. Kuigeuza ratiba ya watalii, onyesho la saa nne na jingine la saa nane, ni kuwaibia wenyewe. Kadodi inaweza kupelekwa jukwaani Jinja bila hasara. Kisu kibaki Mutoto.

Waandaaji wa Jinja, embaire haidai mengi. Tengeni kipande cha ardhi ya udongo mbali na spika, ruhusuni jembe, nunueni migomba miwili kwa jirani, na muwalipe wapigaji siku ya kuchimba na kupanga vibao kama mnavyowalipa saa ya kupiga. Tangazeni pia saa ya kuchimba kwenye ratiba, ili watu waje mapema.