Ncha Hasi na Kiunzi

Waliofuatilia Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu sehemu zake za mwanzo wanajua kwamba mabawa yake ya jua hutoa volti 160, nami sizilaumu volti hizo, kwani chombo cha ukubwa ule hakiwezi kusambaza umeme wake kwa volti 28 za Skylab bila ya kujitwisha shaba isiyo na kiasi. Ninalolilaumu, wala sitachoka kulilaumu, ni ule uamuzi wa kuifunga ncha hasi ya mabawa hayo na kiunzi cha kituo kizima.

Katika plazma, yaani gesi ya chembe zenye umeme, ambamo kituo hicho huzunguka, elektroni ni nyepesi na huenda mbio kukipita chombo chenyewe, ilhali ioni ya oksijeni, inayozidi elektroni kwa uzito takriban mara 29,000, ni nzito wa mwendo hata haipatikani ila kwa ule uso wa chombo unaoikabili njia. Basi kila kiungio cha seli kilicho wazi upande wa chanya hunywa elektroni kwa pupa, na kwa kuwa mikondo inayoingia haina budi kusawazishana, chombo hushuka hasi mpaka eneo kubwa zaidi litoshe kukusanya ioni za kufidia. Kwa kufungwa ncha hasi, kilichoshuka ni kiunzi: mahesabu yalikifikisha karibu volti 140 chini ya plazma, nacho ni alumini iliyovikwa utando mwembamba wa oksidi uliokusudiwa kutawala joto, si kuhimili umeme, na utando wa namna hiyo ukizidiwa hutoboka kwa cheche. Lau ingalifungwa ncha chanya, kiunzi kingalibaki karibu na sufuri, na uhasi ungalibebwa na mabawa yenyewe.

Udhuru unaotolewa ni ada ya vyombo vya Marekani ya kuifunga ncha hasi na kiunzi. Ada hiyo haikudhuru kitu katika volti 28. Lakini Mott-Smith na Langmuir walikwisha kubainisha mwaka 1926 namna waya uliozama katika plazma unavyokusanya mkondo, na jaribio la PIX la mwaka 1978 likaonyesha angani kwenyewe cheche upande wa hasi na mkondo uliofurika upande wa chanya. Elimu ilikuwapo, ila walioipanga mitambo ya umeme hawakuisikiliza mapema.

Mitambo ya zenoni iliyopelekwa kituoni Oktoba 2000, inayomwaga elektroni nje ili kiunzi kisipite volti 40, imefanya kazi yake barabara, na vipimo vya baadaye vilikuta kiunzi hakishuki kwa kadiri iliyohofiwa. Hata hivyo mwanaanga atokaye nje, akiwa amevaa vazi lenye viungo vya chuma na jasho mwilini, amewekewa usalama wake mikononi mwa mtambo ambao waya mmoja, lau ungalifungwa upande wa pili, ungaliuondolea haja.