Moto Kabla ya Chachu

Miongoni mwa bia zote zinazopikwa duniani, ni chache zinazomdai fundi umakini kama stauti nzito iliyotiwa kahawa, kwa kuwa ndani yake hukutana vitu viwili vichungu, ambavyo vyote vimepitia moto na chachu, na fundi hutakiwa kuvipatanisha bila kimoja kukimeza kingine. Stauti ni bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, ambayo asili yake ni London ya karne ya 18, ambako ilikuwa aina kali zaidi ya bia ya kahawia iliyojulikana kama pota, kabla ya kupata makao mengine Dublin, katika kiwanda alichokikodi Arthur Guinness mwaka 1759. Iliyo nzito kuliko zote huitwa stauti ya kifalme, jina linalokumbusha shehena zilizopakiwa London kupelekwa Urusi katika enzi ya malkia Catherine wa Pili. Mfano wake ulio bora katika jamii ya bia zenye kahawa ni Péché Mortel ya Dieu du Ciel!, kiwanda kidogo kilichofunguliwa Montréal, Kanada, mwaka 1998. Bia hiyo ina kilevi cha asilimia 9.5, karibu maradufu ya bia ya kawaida, na kahawa hulowekwa humo wakati wa upishi wenyewe, haiongezwi kama kiungo cha kupamba.

Hata hivyo, ujamaa wa kahawa na stauti ni wa zamani kuliko siku vilipochanganywa kwa mara ya kwanza. Bia yoyote ya shayiri huanza na kimea, yaani nafaka iliyolowekwa hadi ikachipua, kisha ikakaushwa kabla mche haujamaliza akiba yake ya wanga. Wapishi wa pota wa awali walitumia kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto mkali wa kuni, lakini walipoanza kutumia haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari katika kimiminika, waligundua kwamba kimea hicho kiliwapa sukari kidogo mno kwa fedha waliyolipa. Wakahamia kwenye kimea cheupe, nacho hakikuwa na weusi wala ladha ya kuungua. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 1816 ilipopiga marufuku kuitia bia rangi kwa sukari iliyounguzwa, hawakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, kifaa cha jamii moja na kikaangio cha kahawa, ambalo liliwezesha kimea kukaangwa hadi kikawa cheusi bila kuteketea. Kiasi kidogo cha kimea hicho, mara nyingi kisichofika hata sehemu moja ya kumi ya nafaka yote, kilitosha kuipaka bia nzima weusi, na tangu hapo ladha ya kahawa imekuwa ndani ya stauti hata pale ambapo hakuna buni iliyokaribia chungu.

Sababu yake ni ya kikemia. Punje ya shayiri na punje ya buni zikipata joto kali, sukari na asidi amino zilizomo hushikana na kuzaa mamia ya kampaundi zenye rangi na harufu, mwingiliano ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912 na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi, na ambacho hutajwa kwa nadra, ni mfuatano wa kazi. Katika nchi kama Kenya, ambako buni nyingi huandaliwa kwa maji, tunda la mbuni likishamenywa, punje zake huachwa ndani ya birika ili vijidudu viule ule ute unaozigandama. Ndipo huoshwa, hukaushwa, na mwisho kabisa hukaangwa. Kahawa, basi, huchacha kwanza, kisha ikakutana na moto. Stauti hukutana na moto kwanza, kisha ikachacha. Fundi anayeviunganisha hukutanisha safari mbili zilizopita njia moja kutoka pande zinazoelekeana.

Wapishi wa busaa wa magharibi mwa Kenya wanazijua njia zote mbili bila kuhitaji pipa la Wheeler. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati hadi ubadilike rangi na kunukia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi ili uchachuke kwa mara ya pili. Ufundi huo, ambao kwa sehemu kubwa umekuwa mikononi mwa wanawake, unastahili kutajwa katika kila maandishi yanayousifu upishi wa bia, wala haupaswi kuwekwa pembeni kama jambo la kienyeji lisilo na elimu ndani yake.

Stauti ya kahawa haionjwi ikiwa ya barafu, kwa sababu baridi hufunga harufu na kuuacha uchungu ukitawala; nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi zinafaa, na bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba huikusanya harufu isitawanyike. Povu lake ni la hudhurungi iliyokoza, nalo hutulia mapema, kwa kuwa kilevi kingi hakiliachi likae. Pua hupokea buni iliyokaangwa, kisha kakao, kisha kitu kinachokaribia sukari guru, na bilauri inavyozidi kupata joto la mkono ndivyo harufu hizo zinavyobadilishana nafasi. Mdomoni utamu hutangulia, kwa sababu kimea kimeacha sukari ambazo chachu haikuweza kuzila. Hufuata asidi, ambayo shayiri iliyokaangwa na kahawa zote huchangia. Ndipo uchungu unapoingia, nao si mmoja. Uchungu wa hopsi, yaani maua ya mtambaazi yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea, una ubichi wa majani. Wa shayiri ni mkavu na hubana kidogo. Wa kahawa hubaki baada ya kumeza, wakati pumzi inapotoka na harufu kupanda puani kupitia kooni. Mnywaji wa kahawa chungu ya barazani hukaa na kashata pembeni, na stauti nzuri hubeba kashata yake ndani kwa ndani. Utamu huo ukikosekana, bia haina tofauti na maji ya majivu, na hakuna kahawa ya bei yoyote itakayoiokoa.

Hata msomaji ambaye imani yake haimruhusu kuonja anaweza kuuheshimu uamuzi mgumu unaomkabili fundi: lini na vipi aitie kahawa. Ikitiwa katika maji yanayochemka, hutoa uchungu mkali na ukakasi. Ikilowekwa kwenye maji baridi kwa saa nyingi au katika bia iliyokwisha kuchacha, hutoa harufu safi zaidi na ukali mdogo. Buni isiyofaa au iliyolowekwa kupita kiasi huweza kuleta harufu ya pilipili hoho mbichi, kasoro inayojulikana sana kwa mafundi wa bia hizi, na ikishaingia haitoki.

Ugumu mwingine hauna ufumbuzi kamili. Bia yenye kilevi kingi huvumilia miaka ghalani, na stauti za kifalme nyingi hulainika humo. Harufu ya kahawa, kinyume chake, huanza kufifia baada ya miezi michache tu. Anayeitaka kahawa yenyewe hana budi kuifungua chupa mapema. Anayeihifadhi miaka miwili au mitatu atakuta buni imenyamaza, utamu umekoza kama tende, na ule uchungu wa kukaanga uliosalia ni wa shayiri.