Ukoo Ulishinda Kesi, Deni Likabaki

Ukiisoma leo hukumu ya kesi ya S.M. Otieno, ukiwa kwenye nyumba ya kupanga Kitengela, utashangaa vile inakuhusu. Wakili Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu wa familia ya Waiyaki, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong, hapa hapa Kajiado. Joash Ochieng', ndugu wa marehemu, na ukoo wa Umira Kager wakakataa: Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi.

Cohen na Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima, Burying SM (1992), kuhusu nani alisikizwa kortini akisema mila ni nini. Swali zuri. Mimi nasumbuliwa na hoja moja ya majaji: kwamba Mwafrika wa Kenya hana njia ya kujivua kabila la babake. Sawa, kuzaliwa hakufutiki. Lakini kutoka hapo wanaruka hadi kwenye deni, kana kwamba ukishajua mtu ametoka wapi umejua anadaiwa nini. Hapo katikati ndipo pagumu, na hukumu inapapita mbio kama matatu isiyosimama steji.

Tena deni lenyewe linaenda upande mmoja. Mila za Wajaluo, kama za wengi wetu, zinaubebesha ukoo mzigo pia: mjane, mayatima. Korti iliulizwa kuhusu kaburi, ikajibu kaburi, na sisi tumeshika nusu hiyo. Nilipokosa karo nikaacha chuo, grupu ya familia kwenye WhatsApp ilinyamaza ji. Mjomba akifa, kamati ya mazishi iko na mhazini kabla ya jioni. (Usicheke, kwenu ni hivyo hivyo.)

Kuna wanaosema basi damu si kitu, kila mtu ajipange. Siwezi kufika huko. Shangazi yangu wa Kajiado mjini bado hunitumia maziwa na matatu. Nina deni kwake, kwa sababu likizo zote za utotoni alinilea yeye.

Ningependa majaji wangepima hivyo: nani alimlea Otieno, naye aliishi na nani. Joash bado angekuwa na hoja, ndugu ni ndugu. Ila mwanamke aliyeolewa naye tangu 1963 angekuwa na nzito zaidi.

Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Wambui hakwenda.