Ndani ya Bitana

Anayenunua mto wa sufi sokoni hununua kwa imani. Ataubonyeza, ataunusa, atautupia jicho mshono wa pembeni, lakini kilichomo ndani anakijua fundi peke yake. Baada ya miezi mitatu, mabonge ya matambara yakianza kumkaa shingoni, ndipo atakapomjua fundi wake ni mtu wa namna gani.

Mafundi wa deraya (mavazi ya chuma ya vita) wa London walilijua tatizo hilo. Mwaka 1322 walijiwekea kanuni zinazotaja waziwazi kinachoruhusiwa kujazwa ndani ya mavazi ya kuvalia chini ya chuma. Vazi lililofunikwa kwa hariri lijazwe kitambaa kipya cha pamba na hariri kuukuu, si takataka nyingine. Vazi jeupe liwe na kitambaa kipya ndani na nje, na katikati lijazwe kitani kuukuu na pamba. Mnunuzi hawezi kupasua bitana dukani, kwa hiyo chama cha mafundi kilimpasulia kwa niaba yake.

Mavazi hayo yalikuwa na majina mengi, na majina yenyewe yaliingiliana: gambesoni, aketoni, na mengine. Aketoni linatokana na neno la Kiarabu la pamba, al-qutn, lililowafikia Wazungu pamoja na bidhaa yenyewe. Sisi Waswahili, Waarabu walituachia neno kitani. Tofauti ya gambesoni na aketoni wasomi wanaendelea kuizozania, nami nawaachia, maana kinachonivuta ni mkono ulioshika sindano.

Fikiria kwanza kazi ambayo vazi hili hufanya. Deraya ya pete, ile iliyosukwa kwa maelfu ya vipete vya chuma, huzuia upanga usikate. Haizuii pigo. Rungu likitua begani, pete hazipasuki, lakini hulegea pamoja na pigo mpaka kwenye mfupa. Kinachobaki kati ya pigo na mfupa ni kitambaa. Nacho kitambaa kinakula nguvu kwa kubonyea, kwa hiyo lazima kiwe na nafasi ya kubonyea. Kikijazwa kikakaza kama gunia la mchanga, hupitisha pigo lote. Kikiwa kilegevu mno, pamba hukimbilia kwenye pindo na kuacha kifua kitupu. Ndiyo sababu hupigwa bandi mistari mizima, kutoka shingoni hadi chini, kila mfereji ukishika pamba yake. Mistari ikisogeleana vazi linakakamaa. Ikiachana linakuwa laini. Ukilitazama vazi zuri unaona fundi alivyobadilisha mawazo kadiri alivyoshuka mwilini: hapa kifua, kaza, hapa kiwiko, legeza.

Bahauddin ibn Shaddad, aliyekuwa karibu na Sultani Salahuddin na kuandika habari za maisha yake, aliwaona askari wa miguu wa Wakristo wa Vita vya Msalaba mwaka 1191 wakiteremka pwani kuelekea Arsuf. Walikuwa wamevaa mavazi mazito ya sufu iliyoshindiliwa, na juu yake deraya za pete. Aliona watu wenye mishale kuanzia mmoja hadi kumi mwilini wakiendelea kutembea mwendo wao ule ule bila kuacha safu. Adui ndiye anayesimulia, hana sababu ya kuwapamba.

Lakini hati ninayoipenda kuliko zote ni ya Ufaransa, katika karne ya 15, wakati wa Mfalme Louis XI. Ni maagizo ya koti la mpiga mshale, linalovaliwa peke yake bila chuma juu. Liwe la tabaka 30 za kitambaa, au angalau 25, pamoja na ngozi moja ya kulungu. Na vitambaa vyenyewe visiwe vipya: bora ni vile vilivyokwisha kuvaliwa vikalainika. Yeyote aliyewahi kumfunga mtoto mgongoni ataelewa mara moja. Khanga mpya hukakamaa na kuteleza. Ya miaka kumi hulala mwilini kama maji. Kitani kuukuu kimeshafuliwa mara nyingi, kimeshamaliza kujikunja, hakitamsaliti mshonaji baada ya mvua ya kwanza. Tabaka 30 za kitani kipya zingekuwa ubao.

Kisha mwandishi wa maagizo hayo anafika kwenye kwapa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Tundu la mkono, anasema, liwe kubwa, liwekwe karibu na shingo, si juu ya mfupa wa bega, ili koti liwe pana chini ya kwapa. Shingo isiwe ndefu mno kwa nyuma, isije ikagongana na chapeo. Na chini ya koti hilo zito mtu avae kizibao chepesi cha tabaka mbili tu, kisicho na mikono wala kola, upana wa vidole vinne begani, na soksi zake ndefu zifungwe kwenye hicho kizibao. Hivyo mtu ataelea ndani ya koti lake. Anamalizia kwa kujigamba kwamba hata watu sita hawajapata kuonekana wakiuawa kwa kuchomwa au kwa mishale wakiwa ndani ya makoti kama hayo. Majigambo ya muuzaji, labda. Ila kuhusu kwapa hakukosea: tundu dogo lililokaa juu ya bega humfanya mtu anyanyue koti zima kila anaponyanyua mkono.

Deraya ya vipande vya chuma ilipokamilika, vazi la chini likabadilika. Sasa chuma chenyewe kilibeba pigo kwa umbo lake la mviringo, na kitambaa kikapewa kazi nyingine, ya kubeba chuma. Hati ya Kiingereza ya karne hiyo hiyo ya 15 inaeleza jinsi ya kumvika mtu anayekwenda kupigana kwa miguu. Asivae shati. Avae kikoti chenye bitana ya satini, kilichotobolewa matundu mengi, na kwenye makwapa na viwiko kishonewe vipande vya pete za chuma, kwa sababu huko vipande vikubwa havifiki. Magotini azungushiwe blanketi jembamba ili chuma cha miguu kisimchubue. Kamba za kufungia deraya zisokotwe kwa uzi ule ule wa kutengenezea kamba za pinde za mtambo, zipakwe nta ya washona viatu, zisivutike wala kukatika. Kila tundu la kupitishia kamba lazima lizungushiwe uzi, la sivyo litararuka. Wanaoshona kofia za mkono Lamu na Unguja hawahitaji kuelezwa hilo. Wao huzungushia vitundu vidogo kuliko hivyo, kwa mamia, ndani ya kofia moja.

Bado wapo Ulaya na Marekani watu wanaovaa deraya wikendi na kupigana kwa michezo. Kosa lao la kwanza ni unene. Hununua vazi nene kama godoro, kisha chuma hakifungi. Nguo ya chini hutangulia, na fundi chuma hupima juu yake. Kiuno nacho kishike barabara, kwa kuwa chuma cha miguu huning'inia hapo. Kikilegea, uzito wote hupanda mabegani. Funga vifungo, nyanyua mikono juu, chuchumaa. Pindo likipanda, rudi kwa fundi.

Kosa la pili ni kujaza poliesta. Hainywi jasho, humpika mtu. Kitani hunywa, lakini kinachonywa lazima kikaushwe: jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Kwa hiyo vazi hugeuzwa ndani nje siku ile ile, likaanikwa penye upepo juu ya mti mnene, si kwenye msumari. Wengine hulinyunyizia pombe kali isiyo na rangi ili kuua harufu. Kulitia kwenye mashine ya kufulia ni kuomba mabonge yale yale ya mto wa sokoni. Panya nao, penye pamba, hawangoji kukaribishwa mara mbili.

Kwapa huchakaa kwanza. Fundi hufumua bitana mahali pale tu, hutoa pamba iliyoshikamana kwa jasho, hutafuta shati la kitani lililokwisha maisha, hukata kipande, hukipanga tabaka kwa tabaka, kisha hurudia bandi kwa kufuata matundu ya sindano ya zamani.