Ayubu wa Utendi na Ayubu wa Biblia

Hapa Mafia jina la Ayubu halihitaji kufasiriwa. Mtu akifiwa, au chombo chake kikipotea baharini, Mwislamu na Mkristo humpa neno moja: Subiri kama Ayubu. Lakini wasemao neno hilo hawakumjua Ayubu kwa njia moja. Wengine wamepata habari zake katika mapokeo ya Kiislamu, nayo yamo katika Utendi wa Ayubu, utungo wa zamani wa pwani ambao Alice Werner aliupiga chapa London mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wengine wamemsoma katika Agano la Kale. Leo twapenda kuziweka habari hizi mbili mbele ya wasomaji wetu, tupime kila moja yatufundisha nini juu ya unyenyekevu wa mtu aliyeumia.

Tuanze na utendi. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, na kina cha kipande cha mwisho hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Utungo wa namna hiyo hutuliza sikio. Msikilizaji ajua kwamba ijapokuwa mambo ni mazito, ubeti utarudi pale pale. Ndivyo alivyo na Ayubu mwenyewe: apoteza mali, watoto na afya, wala harudi nyuma. Tena yuko mkewe, Rehema, ambaye hamwachi mumewe mgonjwa, bali amlisha kwa kazi ya mikono yake. Katika Biblia mke huyo hata jina hakupewa, nalo neno lake ni moja tu, la kumwambia mumewe amkufuru Mungu akafe. Tusimhukumu upesi, maana watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Lakini katika jambo hili twakiri kwamba utendi umeona kitu kikubwa. Kumtumaini Mungu si kazi ya mgonjwa peke yake. Ni kazi pia ya yule achotaye maji na kumgeuza kitandani.

Sasa tufungue Biblia. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sura 2 za kwanza ni hadithi, na mwisho wa sura ya 42 ni hadithi; sehemu iliyo katikati karibu yote ni mashairi, nayo ni mashindano ya maneno. Katika sura ya 3 Ayubu ailaani siku aliyozaliwa. Baadaye amwita Mungu waje kuhukumiana. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuwa wameketi naye chini siku 7 wasinene neno, na hilo ndilo jema kupita yote waliyoyatenda. Walipofumbua vinywa walimwambia kwamba hapana mtu apigwaye bure, basi na atafute dhambi yake. Wakazunguka mara tatu na hoja ile ile.

Wahubiri wengi huisoma hadithi ya mwanzo na ya mwisho, wakairuka sehemu ya katikati. Hasara yake si ndogo. Watoto wa Ayubu waliuawa na upepo mkuu ulioangusha nyumba. Nasi watu wa visiwa twaujua upepo. Tufani ya mwaka 1872 iliharibu mikarafuu ya Unguja, na Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi wa Mei 2024. Baada ya mambo kama hayo hawakosekani Elifazi wa siku hizi, waulizao ni nani aliyekosa. Tumemwona mama aliyefiwa na mtoto akiambiwa achunguze dhambi yake hata kabla tanga halijaondolewa. Alinyamaza. Watu wakasema, Tazama unyenyekevu wake. Sisi twasema kwamba ule haukuwa unyenyekevu, ulikuwa ni kufungwa kinywa.

Maana Mungu aliponena, alinena katika upepo wa kisulisuli. Hakumweleza Ayubu sababu ya msiba. Alimwuliza habari za misingi ya dunia na ni nani aliyeifungia bahari milango. Ayubu akaweka mkono kinywani, akajishusha katika mavumbi na majivu. Lakini angalia yafuatayo. Mungu alimkasirikia Elifazi na wenziwe wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake, kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea Mungu kwa uongo walikemewa, naye aliyelia kwa kweli akaambiwa awaombee. Basi kunyenyekea si kuikubali hatia usiyo nayo ili wazee waridhike. Ni kusimama mbele za Mungu na kweli yako yote, kisha kukubali kwamba yeye ni Mungu nawe ni mtu. Wala kulalamika kwa Ayubu hakukuwa kuasi, kwa maana mtu hamlilii asiyemtumaini kwamba asikia.

Liko na jambo la mwisho, nalo hupotoshwa mara nyingi. Mali ya Ayubu ilirudi maradufu, kondoo 7,000 wakawa 14,000. Wako wafundishao kwamba hiyo ndiyo faida ya kuvumilia. Wamesahau swali la Shetani katika sura ya 1: je, Ayubu amcha Mungu bure? Tukimcha Mungu kwa kungoja kondoo 14,000, Shetani amekwisha kushinda. Tena watoto hawakurudi. Walizaliwa kumi wengine, na wale wa kwanza wakabaki kaburini. Ayubu alijishusha na kutumaini angali na vidonda vyake, kabla hajapata kondoo hata mmoja.

Basi, walimu wenzetu, tusomapo kitabu hiki pamoja na watu wetu, tusiruke kutoka sura ya 2 hata ya 42. Na tuendapo matangani, tuketi chini kama wale rafiki watatu walivyoketi siku zile 7, kabla hawajaanza kusema. Tena kwa Rehema wa utendi tujifunze kuchota maji.